Kabla ya Treni: Singapore na Ugomvi wa Barabara

Singapore ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, na nusu ya hapo kutoka kusini hadi kaskazini. Kilipotoka katika shirikisho la Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, eneo lake halikufika kilomita za mraba 600, na juu yake walikaa watu karibu milioni 1.9. Leo bahari imejazwa mchanga pande nyingi na eneo limepita kilomita za mraba 730, lakini watu nao wamefika milioni sita. Hakuna mkoa wa kuhamia mji ukijaa. Barabara zinachukua asilimia 12 ya ardhi yote, nyumba za kuishi asilimia 14. Kila njia mpya inayochorwa kwenye ramani ni nyumba, shule au kiwanda ambacho hakitajengwa.

Maofisa wa nchi nyingine wakienda huko kujifunza, na wanakwenda wengi, hupandishwa treni ya chini kwa chini. Ni safi, ina kiyoyozi, haimcheleweshi mtu. Wanarudi nyumbani na neno moja: nasi tujenge reli. Wamefanya haraka. Treni hiyo ilianza kubeba abiria Novemba 1987, miaka 22 baada ya uhuru, na ilikuta kazi ngumu imekwisha kufanywa: mabasi yametiwa adabu, teksi bubu zimefutwa, mwenye gari amezoeshwa kulipia nafasi anayoichukua barabarani. Kisa hiki kinafaa kusimuliwa kwa kufuata miaka, maana anayeanzia kwenye treni hukisoma kuanzia mwisho.

Mji wa mwanzo ulikuwa mji wa mto. Stamford Raffles wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki alifika mwaka 1819, na biashara ikajikusanya kwenye mdomo wa Mto Singapore. Meli zilitia nanga nje, matishari yakashusha mizigo na kuileta kwenye maghala ya Boat Quay. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za mvuke zikawa nyingi, nazo zilitaka kina kirefu cha maji na makaa ya mawe karibu. Bandari ikasogea magharibi, Tanjong Pagar, ambako kampuni ya gati ilikwisha kuanzishwa mwaka 1864. Ghafla kukawa na umbali kati ya bandari na mji, na watu wa kubebwa katika umbali huo.

Waliowabeba walikuwa binadamu wenzao. Mwaka 1880 riksho zililetwa kutoka Shanghai, gari la magurudumu mawili linalovutwa na mtu, na wavutaji walikuwa wahamiaji maskini kutoka kusini mwa China. Mwaka 1886 kampuni moja ilileta tramu za mvuke, ikitarajia kuwafuta mara moja. Tramu hizo zilikufa mwaka 1894. Riksho ilikuwa rahisi kwa bei, ilimfikisha mtu mlangoni kwake, haikuhitaji reli wala makaa. Tramu za umeme zilizoanza mwaka 1905 zilipambana na riksho hizo hizo, zikachechemea hadi 1927. Jengo lililojengwa mwaka 1903 kwa ajili ya kusajili riksho bado limesimama kwenye njia panda ya Tanjong Pagar. Tramu hazikuacha jengo la kujulikana kama hilo. Hapo lilijitokeza jambo ambalo lingerudi mara nyingi: abiria hajali chombo ni cha kisasa kiasi gani, anatazama nauli na mlango wake. Riksho zilipigwa marufuku mwaka 1947, na baiskeli za miguu mitatu zikashika nafasi zao.

Kaskazini, mlango mwembamba wa bahari unakitenga kisiwa na Johor. Reli ilifunguliwa mwaka 1903 kukatiza kisiwa, na abiria wakavushwa kwa pantoni. Kuanzia 1919 Waingereza walijenga tuta la mawe ya matale lenye urefu wa mita 1,056, la aina ambayo mtu wa Mombasa anaielewa akikumbuka Makupa. Treni za abiria zilianza kulivuka mwaka 1923, na ufunguzi rasmi ukafanyika Juni 1924. Miaka 18 baadaye, tarehe 31 Januari 1942, Waingereza wenyewe walililipua ili kuwazuia Wajapani. Wajapani walivuka kwa mashua usiku wa tarehe 8 Februari, na baada ya wiki moja Singapore ilisalimu amri. Tuta likatengenezwa upya, na reli ikaendelea kupita juu yake. Ardhi iliyo chini ya reli hiyo, hadi kituo kikubwa cha Tanjong Pagar kilichofunguliwa mwaka 1932, ilikuwa mali ya shirika la reli la Malaya. Wakati huo halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Mabasi yalianza kwa vurugu na kwa muda mrefu yakabaki hivyo. Katika miaka ya 1920 mji ulijaa vigari vya abiria saba vilivyoundwa juu ya Ford, vikijichomeka huku na huko hata Wazungu wakaviita mabasi mbu. Mwaka 1925 iliundwa kampuni kubwa ya Kiingereza, Singapore Traction Company, ikapewa njia za mjini na kuendesha mabasi ya umeme yaliyoshika waya za juu. Wenye mabasi mbu, wengi wao Wachina, walilazimishwa katika miaka ya 1930 kuungana katika kampuni ndogo ndogo na kusukumwa kwenye njia za pembeni. Hivyo kisiwa kikawa na kampuni moja ya wakoloni katikati na kampuni karibu kumi za familia kandokando, kila moja na eneo lake, nauli zake na tiketi zake. Aliyetoka kijijini kwenda kazini mjini alibadilisha basi na kulipa upya.

Ndani ya mabasi hayo kulikuwa na madereva na makondakta waliofanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo. Mwezi Aprili 1955 wafanyakazi wa kampuni ya Hock Lee waligoma. Wanafunzi wa shule za Kichina wakawaletea chakula na kuwaimbia kwenye lango la karakana. Tarehe 12 Mei mgomo uligeuka ghasia: polisi wawili, mwanafunzi mmoja na mwandishi wa habari Mmarekani waliuawa. Vitabu vingi hukisimulia kisa hicho kama sura ya siasa, ya ukomunisti na ya mwisho wa ukoloni, na si uongo. Lakini kilianzia kwenye karakana ya mabasi, miongoni mwa watu waliofukuzwa kazi. Mwaka uliofuata ripoti ya serikali ilipendekeza mabasi yote yawekwe chini ya chombo kimoja. Ripoti ikawekwa kabatini.

Kwa hiyo serikali ya waziri mkuu Lee Kuan Yew iliporithi nchi, ilirithi mabasi mabovu, mengi yakiharibikia njiani, na abiria waliosubiri bila kujua wanasubiri nini. Pengo hilo lilizibwa na teksi bubu, maelfu yake. Hazikuwa na leseni ya biashara wala bima ya abiria. Zilikusanya watu vituoni, zikajaza, zikaondoka. Tusizicheke. Kwa mfanyakazi wa kiwandani teksi bubu ndiyo iliyomfikisha kazini kabla kengele haijalia, na kwa dereva asiye na ajira ndiyo iliyolisha watoto. Kuzifuta siku moja kungewaacha dereva na abiria bila kitu.

Hapa ndipo naona ustadi wa watawala wale, kuliko katika treni. Mwaka 1970 mtaalamu kutoka Australia, R. P. Wilson, alitoa ripoti juu ya mabasi, na serikali ikatoa waraka wake wa kupanga upya usafiri. Mwaka huo huo shirikisho la vyama vya wafanyakazi, NTUC, lilianzisha ushirika wa teksi ulioitwa Comfort. Dereva wa teksi bubu alipewa njia ya kuingia humo, apate gari lenye leseni na alilipie kidogo kidogo. Marufuku ikafuata mwaka 1971. Kwanza mlango ulifunguliwa, ndipo dirisha likafungwa. Mwaka huo kampuni za mabasi za Wachina ziliunganishwa zikawa tatu, na ile ya Kiingereza ya nne. Haikupita hata mwaka, kampuni ya Kiingereza ikafa kwa madeni. Mwaka 1973 zile tatu zilizobaki zikawa moja: Singapore Bus Service.

Kuunganisha majina hakukutengeneza injini. Kampuni mpya ilikuwa na mabasi ya kila aina na kila umri, karakana zisizo na vipuri, nauli zilizoishia mifukoni mwa watu, na wakubwa waliozoea kuendesha biashara ya familia. Mwaka 1974 serikali ilifanya jambo lisilo la kawaida: iliazima maofisa wake wengi, wahandisi, wahasibu na mafundi, baadhi yao kutoka jeshini, ikawaingiza ndani ya kampuni. Hawakuja na hotuba. Walihesabu vipuri, wakapanga ratiba, wakafukuza wezi, wakapanga njia upya ili mabasi mawili yasifukuzane barabara moja huku mtaa wa pili ukiwa mtupu. Kwa saa za msongamano waliruhusu pia mabasi binafsi yaliyobeba wanafunzi na wafanyakazi yabebe abiria wengine. Mwaka 1978 kampuni iliuza hisa zake kwa wananchi. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha, na ndiyo sababu haikumbukwi.

Mabasi yalipoanza kutengemaa, serikali ikamgeukia mwenye gari.

Uchumi ulikuwa ukikua, na kila aliyepandishwa cheo alinunua gari. Kodi ya ziada ya kusajili gari jipya ilipandishwa mara kwa mara, hadi mwaka 1975 ikafika asilimia 100 ya thamani ya gari. Lakini kodi ya kununua haimzuii mtu kulitumia gari alilokwisha kulinunua, na pengine humshawishi alitumie zaidi ili alifaidi. Tatizo lilikuwa asubuhi, katikati ya mji. Mwanauchumi William Vickrey alikuwa ameeleza nchini Marekani tangu miaka ya 1950 kwamba barabara iliyojaa inapaswa kuwa na bei kama bidhaa yoyote adimu, na kamati ya Uingereza ikasema hivyo mwaka 1964. Hakuna mji uliothubutu.

Jumatatu tarehe 2 Juni 1975, Singapore ilithubutu. Eneo la katikati lenye kilomita za mraba sita hivi lilizungushiwa mstari usioonekana, na kwenye kila barabara inayoingia ikawekwa nguzo na bango juu. Kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, gari dogo lililotaka kupita chini ya bango lilipaswa kuwa na leseni ya karatasi kwenye kioo cha mbele. Leseni ya siku iliuzwa dola 3 za Singapore na ya mwezi dola 60, posta na kwenye vibanda. Gari lenye watu wanne au zaidi lilipita bure, pamoja na mabasi, malori na pikipiki. Mitambo haikuwapo. Kando ya barabara walisimama walinzi, wakatazama vioo, wakaandika namba za wasio na leseni bila kumsimamisha mtu, na barua ya faini ikafika nyumbani. Hadi leo nashangazwa na urahisi wa jambo hilo: karatasi, kalamu na macho.

Lengo lilikuwa kupunguza magari kwa robo au theluthi. Yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Watunga sera walikuwa wamekata zaidi ya walivyokusudia, na barabara nyingine za katikati zikabaki na nafasi tele asubuhi. Mambo mengine hayakwenda walivyofikiri. Madereva walijibanza nje ya mstari wakisubiri saa tatu na nusu, kisha wakamiminika kwa pamoja. Kabla miezi mitatu haijaisha muda ukasogezwa hadi saa nne na robo. Teksi zilizosamehewa mwanzoni zikawa mlango wa kukwepea, nazo zikaingizwa kwenye sheria baada ya wiki chache. Wenye magari wakagundua kwamba foleni ya kituo cha basi ina abiria wa bure: walisimama, wakapakia wageni watatu, wakapita chini ya bango bila kulipa, na abiria wakafurahia safari. Serikali ilikuwa imejenga maegesho yenye nafasi karibu 10,000 pembezoni mwa mji ili watu waache magari na kuingia kwa mabasi maalumu. Hawakuyataka. Aliyeamua kuacha gari aliliacha nyumbani. Maegesho yakabaki tupu, yakabadilishiwa kazi. Na jioni? Wataalamu walidhani wasioingia asubuhi hawatakuwapo jioni. Magari ya jioni yalibaki yale yale, na hadi 1989 ndipo jioni nayo ikatozwa.

Hata hivyo mpango wenyewe ulisimama. London, mji uliokuwa umeitawala Singapore, ulianza kutoza magari katikati mwaka 2003, miaka 28 baadaye.

Sasa twende kwenye reli. Wazo lake lilitokana na mpango wa miji uliofanywa kati ya 1967 na 1971 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwamo msanifu majengo kijana, Ong Teng Cheong, aliyesoma Adelaide na Liverpool. Mpango ulichora miji midogo kuzunguka kisiwa, kila mmoja na nyumba za serikali, na ukasema kwamba kufikia miaka ya 1990 barabara hazitatosha. Tafiti zikafuatana kwa muda wa miaka minane. Ong aliingia siasa, na mwaka 1978 akawa waziri wa mawasiliano, akiwa na reli moyoni.

Aliyempinga hakuwa mtu mdogo. Goh Keng Swee, naibu waziri mkuu, ndiye aliyejenga uchumi wa Singapore kwa mikono yake, na alichukia matumizi ya kifahari. Mabilioni ya dola kwa reli moja yalimtia shaka. Mwaka 1980 kundi la wataalamu kutoka chuo cha Harvard, likiongozwa na Kenneth Hansen, liliitwa kupitia tafiti zote, likasema mabasi peke yake, yakipewa njia zake, yanaweza kufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo zaidi. Mjadala ukapelekwa kwenye televisheni, wataalamu wakabishana mbele ya wananchi. Katika nchi ambayo serikali haikuzoea kuonyesha hadharani kwamba mawaziri wake hawakubaliani, lilikuwa jambo la nadra, na sijui kwa nini halikurudiwa mara nyingi zaidi, maana liliwafaa wote.

Wakazi wa Dar es Salaam, walioona Mwendokasi ikianza kazi mwaka 2016, wanaujua ubishi huo, na hoja ya Harvard haikuwa ya kipuuzi. Basi kwenye njia yake hugharimu sehemu ndogo ya reli na linaweza kubadilishiwa njia mji ukibadilika. Lakini ilikuwa na mwanya mmoja. Utafiti mwingine uliofuata ulihesabu mabasi ambayo yangehitajika katikati ya mji saa ya kwenda kazini, ukauliza yatasimama wapi. Mitaa ya katikati ilikuwa ile ile iliyopimwa enzi za Raffles. Mabasi yale yangejipanga mkia kwa kichwa, yakazibana njia yenyewe kwa yenyewe. Kupanua mitaa kungekula ardhi ya thamani kuliko zote. Treni ingepita chini, na ardhi ya juu ya kila kituo ingepanda bei, nayo sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa serikali. Tarehe 28 Mei 1982 baraza la mawaziri liliamua kujenga. Gharama ilikadiriwa dola bilioni 5, mradi mkubwa kuliko wowote nchi ilioufanya hadi siku ile.

Ujenzi ulianza Oktoba 1983 mahali panapoitwa Shan Road. Mwaka 1985 uchumi ulianguka, mara ya kwanza tangu uhuru, na mashimo ya reli yakawa ajira ya wengi. Udongo ulikuwa wa aina mbili mbaya: mwamba mgumu upande mmoja, tope laini la bahari upande mwingine. Vituo kadhaa vya chini vilijengwa kwa kuta nene ili viweze kuwa mahandaki wakati wa vita. 1942 haikuwa imesahaulika. Vituo vya Raffles Place na City Hall vilipangwa ili abiria avuke jukwaa tu na kupanda treni ya mstari mwingine, na pande zikabadilishana kati ya vituo hivyo viwili ili anayeelekea upande wowote apate kituo kimoja cha kufanya hivyo. Hata mgeni asiyejua kusoma ramani hunufaika na busara hiyo bila kujua.

Tarehe 7 Novemba 1987 sehemu ya kwanza ilifunguliwa: kilomita 6, vituo vitano, kutoka Yio Chu Kang hadi Toa Payoh. Haikufika mjini. Waliopanda siku zile walipanda kutembea, wakaenda na kurudi. Kufikia Desemba treni ilikuwa imefika Outram Park, Machi 1988 Lee Kuan Yew akaizindua rasmi, na mwaka 1990 mtandao wa kwanza ukakamilika, kilomita 67 na vituo 42. Mabasi yaliyokuwa yakienda sambamba na reli yaliondolewa, yakafanywa ya kuwaleta watu vituoni. Bila kampuni ya mabasi iliyonyooshwa mwaka 1974 jambo hilo lisingewezekana, maana kampuni kumi za familia zingeipigania kila njia dhidi ya treni, kama riksho zilivyoipiga tramu.

Mwaka huo huo wa 1990, tarehe 1 Mei, bei ya gari ilipata sura mpya. Kodi ya ziada ilikuwa imepandishwa hadi asilimia 175, na bado magari yaliongezeka uchumi ulipochangamka. Serikali ikaacha kubahatisha bei na badala yake ikapanga idadi. Anayetaka gari jipya ananunua kwanza hati ya haki ya kuwa na gari, inayodumu miaka kumi. Hati hutolewa kwa mnada, na wote waliopata hulipa bei moja. Mnada haumjui tajiri wala maskini, husema watetezi wake. Ukweli ni kwamba unamjua vizuri sana. Daktari hushinda, fundi bomba mwenye watoto watatu hushindwa, na lawama hiyo haijawahi kujibiwa ila kwa kuonyesha kituo cha basi kilicho karibu. Bei hupanda na kushuka na nyakati: mwishoni mwa 2008, dunia ilipoingia katika msukosuko wa fedha, hati ya gari dogo iliwahi kuuzwa dola 2.

Mwaka 1998 karatasi za 1975 zilistaafu. Kila gari lilifungwa kifaa chenye kadi ya fedha, na nguzo za barabarani zikaanza kukata malipo gari likipita. Bei hupangwa kwa kila nusu saa na hupitiwa mara kwa mara kufuatana na mwendo: magari yakienda chini ya kasi iliyolengwa, bei hupandishwa, yakienda kasi kupita kiasi, hushushwa.

Kuanzia hapo wengi husimulia mafanikio tu, na hapo ndipo wanapopotosha. Mstari wa kaskazini-mashariki, treni zisizo na dereva, ulifunguliwa mwaka 2003, lakini kituo cha Buangkok kilibaki kimefungwa kwa hoja kwamba abiria hawatoshi. Waziri alipotembelea mtaa huo mwaka 2005 alikuta sanamu za karatasi za tembo weupe zimesimikwa kando ya barabara. Polisi walifanya uchunguzi. Kituo kikafunguliwa Januari 2006. Kabla ya hapo, Aprili 2004, ukuta wa shimo la mstari mpya karibu na Nicoll Highway uliporomoka na kuua watu wanne. Nguvu ya lile tope la bahari ilikuwa imekadiriwa vibaya.

Mwaka 2011 ulikuwa na matukio mawili. Tarehe 30 Juni, treni ya mwisho ya Malaysia iliondoka Tanjong Pagar, ikiendeshwa na Sultani wa Johor mwenyewe. Kwa miaka 46 ya uhuru, ukanda mwembamba wa ardhi ya shirika la nchi jirani ulikuwa umekikata kisiwa katikati, na maafikiano ya mwaka 1990 juu yake yalibishaniwa kwa miaka ishirini hadi mawaziri wakuu wawili walipokubaliana mwaka 2010 kubadilishana viwanja. Leo pale palipokuwa na reli watu hutembea kwa miguu kilomita 24 chini ya miti.

La pili lilikuwa Desemba. Tarehe 15 na 17 treni za mstari wa kaskazini-kusini zilisimama kwa saa kadhaa, zaidi ya abiria 200,000 wakaathirika, wengine wakakwama gizani ndani ya mahandaki hadi mmoja akavunja kioo cha behewa kwa mtungi wa kuzimia moto ili watu wapate hewa. Kamati ya uchunguzi iligundua kwamba vishikio vya reli ya umeme vilikuwa vimelegea na matengenezo hayakufanywa ipasavyo. Kampuni iliyoendesha treni hizo ilikuwa imeuza hisa sokoni tangu mwaka 2000. Mkurugenzi wake alijiuzulu Januari 2012. Mwaka 2016 serikali ilizichukua mali za uendeshaji kwa karibu dola bilioni moja, na kampuni ikaondolewa kwenye soko la hisa. Mabasi nayo yakawekwa chini ya mikataba, serikali ikimiliki mabasi na kupokea nauli, kampuni zikilipwa kwa kuyaendesha. Ile kazi ya 1974 ilikuwa imerudi kwa jina jingine.

Mistari ya reli imeongezeka tangu hapo na mingine inachimbwa. Lakini uamuzi mkubwa wa miaka ya karibuni haukuhusu treni. Kuanzia Februari 2018, ongezeko la magari binafsi na pikipiki liliwekwa sifuri: gari jipya liliingia pale tu jingine lilipofutwa. Kaya mbili hivi kati ya tatu hazina gari. Mwezi Oktoba 2023 hati ya gari kubwa ilifika dola 150,001, kabla mnunuzi hajalipia gari lenyewe.